Ukiuona, Rudi

Msimbo huu aliuandika Okumbe
kabla hajahamia Nakuru na mke na friji.
Unatafuta tiketi moja ya mizani
katika miwa yote ya Muhoroni:
kwa kila trekta, kwa kila siku, kwa kila tiketi,
kitanzi ndani ya kitanzi ndani ya kitanzi,
na juu kabisa amesimika bendera:
*imepatikana*, sawa na *hapana*.

Nausoma polepole, chai imefunga utando.
Tiketi inaonekana. Bendera inageuka *ndiyo*.
*Vunja*, ameandika. Ila vunja hubomoa ukuta mmoja tu:
unatoka kwenye tiketi, unajikuta kwenye siku.
*Kama bendera ni ndiyo, vunja.*
Unatoka kwenye siku, unajikuta kwenye trekta.
*Kama bendera ni ndiyo, vunja tena.*
Na mkulima kule Koru kasimama dirishani,
kofia mkononi, akimsubiri aliyekwishapata
amalize kutoka.

Jumapili moja, nina miaka tisa,
mama alinituma soko la Kibuye,
noti ya ishirini ndani ya soksi.
"Katafute utambi wa stovu, ule mpana.
Ukiuona, rudi."
Niliuona kibanda cha nne, kwa Min Rading',
nikaulipia, nikaukunja ngumini,
kisha nikaendelea na safu:
mitumba, sufuria, vifaranga waliotiwa rangi,
nikikagua vibanda ambavyo sikuwa na swali navyo.
Nilifika nyumbani giza. Stovu baridi,
wadogo zangu wamelala kabla ya kula.
Mama hakunipiga. Alisema tu:
"Ulikuwa nao mkononi, Akeyo.
Ulikuwa unatafuta nini?"

Nafuta bendera.
Nafuta *vunja* ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Mlangoni naandika:
*kama namba ya mkulima haipo, rudi;*
*kama mizani ilifungwa msimu huo, rudi.*
Asiye na shughuli asivuke kizingiti.
Halafu ndani, pale pale tiketi inapochomoza:
*rudisha tiketi.*
Neno hilo tu, na kuta zote tatu ziko nyuma yako
bila hata moja kuvunjwa.

Najua Okumbe atasema nini.
Alifundishwa kwamba nyumba ya heshima
ina mlango mmoja wa kutokea,
mwenye nyumba ajue nani kaondoka
na nani kaacha taa inawaka.
Si uongo. Niliwahi kurudi mapema nikaacha faili wazi,
na mfumo ukavuja usiku kucha
kama bomba la Nyalenda.
Siku hizi nafunga kwanza, ndipo narudi.

Lakini chini ya vitanzi vyote kuna mstari
ambao hata mimi siwezi kuufuta:
*rudisha tupu.*
Baba aliufikia, mwaka ule Odera hakuonekana.
Hospitali kuu, kisha Ahero, kisha Kakamega,
wodi kwa wodi, kitanda kwa kitanda,
akifunua shuka, akiomba radhi, akifunika.
Hakuna kitanda kilichomwambia: basi, umefika, geuka.
Alirudi siku ya tano na shati alilombebea,
bado limekunjwa,
bado lina mstari wa pasi mikononi.

Najaribu msimbo. Namba ya Bi. Nyagowa wa Koru.
Trekta la pili, siku ya kwanza, tani nne na robo.
Haujagusa trekta la tatu. Haukuwa na haja.

Saa kumi na dakika ishirini.
Orodha ya kazi bado ndefu, lakini si ya leo.
Naosha kikombe, nazima taa, nafunga,
nashuka ngazi, napita duka la magodoro;
upepo wa ziwa umebeba harufu ya mvua.
Mama siku hizi anapikia gesi.
Nampigia: niko njiani.
"Mapema hivi?"
Mapema hivi.